Upande wa Sikio Bovu

Baba yangu aliapa kutozungumza Kiingereza shambani kwake, na kiapo hicho amekitunza kuliko alivyotunza meno yake. Si kwamba hakijui. Alifundisha historia sekondari miaka thelathini, kwa Kiingereza, na mpaka leo wapo watu wazima wenye vyeo hapa Arusha ambao wakimwona mjini husimama wima kama wameitwa ubaoni. Lakini alipostaafu akarudi kwenye shamba la babu, mteremkoni mwa Mlima Meru, juu kidogo ya Tengeru, alitutangazia mezani: “Kiingereza nilikisema kwa mshahara. Mshahara umekwisha.”

Sikio lake la kulia nalo likastaafu mwaka mmoja au miwili baadaye. Lilikufa polepole, bila maumivu, na daktari alisema ni uzee tu. Ukimwamkia upande huo, shikamoo yako inaanguka njiani. Wageni wa nyumbani huambiwa mapema: mzee msogelee kushoto. Ila upande wa kulia hakuuacha wazi. Kanisani alimkalisha mama huko. Barabarani alimtembeza mama huko. Niliwahi kumuuliza kwa nini asimweke mama upande anaosikia, wapate kuongea. Akanitazama kama mwanafunzi aliyeuliza swali la maana kwa bahati.

“Upande huu sisikii gari, sisikii mbwa, sisikii mtu anayenisema,” alisema. “Anayekaa hapa ndiye sikio langu. Siwezi kumweka mtu yeyote tu.”

Niliyakumbuka maneno hayo baadaye sana, wakati sikutaka kuyakumbuka.

Lazima nieleze baba ni mtu wa namna gani, maana siku hizi wa aina yake wamebaki wachache na wengi wao wamechoka kubishana. Yeye hajachoka. Anaamini kwamba dunia imegawanyika kati ya wanaolima na wanaopanga bei, na kwamba wanaopanga bei hawajui hata mbuni wa kahawa unafananaje. Maneno yake ni yale ya ujana wake: ubeberu, unyonyaji, kupe, mirija. Hajayabadilisha kwa sababu, anasema, kupe naye hajabadilika. Akishika kikombe cha kahawa atakueleza jinsi ilivyoondoka hapa mbichi kwenye gunia ikarudi kwenye kopo lenye jina la watu wengine, na sisi tukalinunua lile kopo tukaliweka kabatini kwa ajili ya wageni. Nyumbani kwetu halikuwahi kuingia kopo hilo. Tulikunywa chai.

Mama ni Mchaga wa Kilimanjaro, na hajawahi kuamini kitu chochote kisichoweza kupimwa kwa debe. Amefanya biashara tangu kabla hajaolewa. Mpaka sasa, magoti yakimruhusu, hupeleka ndizi Kwa Mrombo, kule mji unakopanuka na watu wanajenga kwenye viwanja visivyo na mgomba hata mmoja. Baba akianza habari za Azimio, kwamba lilizaliwa hapahapa Arusha na sisi ndio tunapaswa kulionea fahari, mama humjibu bila kuinua uso kutoka kwenye sufuria: “Lilizaliwa hapa, na sukari ikafia hapa.”

Hadithi ya mama, ambayo kila mkwe na kila jirani ameisikia, ni ya sabuni. Ilikuwa wakati wa uhaba, mimi sijaanza shule. Baba alikuwa akifundisha darasani kwamba walanguzi ni kupe wanaonyonya damu ya mkulima. Mama alikuwa akitoka Namanga na miche ya sabuni aliyoifunga kiunoni chini ya kanga, na katoni nzima ilikuwa uvunguni mwa kitanda chao. Siku moja mgambo wakaja kupekua nyumba za walimu. Mama aliivuta katoni, akatandika shuka juu yake, akanilaza mimi hapo na kuniambia nifumbe macho. Baba alisimama mlangoni. Yeye, mwalimu wa historia aliyepewa na siasa afundishe, mtu ambaye hakuwahi kuchukua hata chaki ya shule.

“Hii ni nyumba ya mwalimu wa siasa,” akawaambia. “Mnataka kutafuta nini humu?”

Wakaomba radhi, wakaondoka. Mama akifika hapo hucheka mpaka akajifuta machozi. Baba husema kila mara, kwa sauti ileile: “Sikusema uongo. Niliuliza swali.” Mimi nilinuka sabuni wiki nzima, na nikakua nikijua kwamba wazazi wangu wanapingana juu ya dunia nzima isipokuwa mlango wa nyumba yao.

Mdogo wangu wa kiume ndiye aliyeleta wazo la wageni. Alikuwa ameona mashamba ya jirani yanapokea watalii: wanatembezwa kwenye mibuni, wanachuma tunda jekundu, wanalimenya, wanakaanga buni kwenye chungu, wanatwanga kwenye kinu huku wakiimbiwa, wanakunywa walichotwanga. Mama akasikia neno chakula cha mchana, akakubali siku hiyohiyo. Mtori wake, ndizi na nyama mpaka ziwe uji mzito, unajulikana mpaka Sekei ninakoishi. Tulidhani baba atakataa. Kumbe alifurahi kuliko wote.

“Nimefundisha watoto wetu habari za hao watu miaka thelathini,” alisema. “Sasa wanakuja wenyewe kukaa kwenye benchi.”

Kwa kuwa hakutaka kusema Kiingereza, alihitaji mkalimani, na mkalimani nikawa mimi. Nilikuwa nimefanya kazi mapokezi ya hoteli miaka kumi na miwili. Kiingereza changu ni cha mapokezi. Maji yakikatika mimi husema tunaboresha huduma. Siku ya kwanza baba alinishika kiwiko akanisimamisha kulia kwake. Wakati ule nilijivuna tu. Nilidhani ni kwa sababu nimevaa vizuri.

Miezi michache ya mwanzo nilitafsiri kama nilivyosikia. Wageni wengine walitikisa vichwa wakikubali, wengine walitazama viatu vyao. Kisha mwenye kampuni ya utalii aliyekuwa akituletea makundi akampigia simu mdogo wangu. Wageni wawili wamelalamika. Wamekuja likizo, hawakuja kukaripiwa. Mzee apunguze makali, la sivyo makundi yatapelekwa kwingine.

Tulikaa kikao jikoni, sisi watatu, baba akiwa zizini na ng'ombe wake.

“Mzee anazingua, dada,” alisema mdogo wangu. “Mimi namkubali sana, lakini mtu amelipa, unamwambia babu yake alikuwa kupe?”

“Hakumtaja babu yake.”

“Si ndivyo wanavyosikia?”

Mama alikuwa akimenya ndizi. “Mirija na kupe yapunguze,” aliniambia. “Mtu anayekula chakula changu hatukanwi mezani kwangu. Baba yako aseme anavyotaka, wewe usiyafikishe yote. Huko kulia hasikii.”

Hivyo ndivyo tulivyokubaliana, na sitawasingizia wenzangu. Nilikubali upesi kuliko wote. Mimi si mtu wa siasa. Nina hasira za karibu tu, za foleni na za mtu anayenipigia honi. Hasira za baba, za mbali na za zamani, zilikuwa zinanichosha. Basi kupe akawa mfanyabiashara wa kati. Mirija ikawa changamoto za soko. Unyonyaji ukawa bei isiyotabirika. Baba aliposema kwamba mkoloni alitufundisha kuilima kahawa lakini hakutufundisha kuinywa, nikasema kwamba watu wa hapa kwa desturi hupenda chai. Wageni wakacheka kwa upole. Baba alipoona wanacheka alidhani wamelielewa dongo, akacheka nao, na hilo sasa ndilo linaloniuma kuliko mengine.

Lakini kila mara alimalizia na nyumba.

Hadithi hiyo haikuwa na kupe wala mirija. Aliisimulia kahawa ikishamiminwa, kwa sauti ya chini, bila kumtazama mtu. Alipokuwa mtoto mchanga, wazazi wake walikuwa wakiishi upande wa kaskazini wa mlima, kwenye malisho. Serikali ya mkoloni iliamua kwamba ardhi ile ni ya walowezi. Askari wakaja na malori. Watu wakatolewa, ng'ombe wakaswagwa, nyumba zikachomwa moto. Bibi alirudi ndani kuchukua kibuyu cha maziwa, akiwa na baba mgongoni, na paa likamwangukia mkononi. “Mimi sikumbuki,” baba humaliza hivyo siku zote. “Mama aliniambia nilipiga chafya.”

Jumamosi moja lilikuja kundi la wazee tupu. Palikuwa na mama mmoja mwenye fimbo, mdogo wa umbo, ambaye tangu asubuhi alikuwa akiniita mwanangu na alikuwa amenipa pipi nimpelekee binti yangu. Baba alipofika kwenye hadithi ya nyumba, yule mama alikuwa amekishika kikombe kwa mikono miwili, ametabasamu, anasubiri. Sikuweza. Nikasema kwamba familia yetu ilihamia huku kutoka upande wa pili wa mlima. Na kwa kuwa uongo hauvumilii kukaa peke yake, nikaongeza kwamba huku mvua ni nzuri zaidi.

Wakaitikia kwa vichwa, wakapiga picha. Ilikuwa rahisi mno. Jumamosi iliyofuata ilikuwa rahisi zaidi, na baada ya hapo nikawa sifikiri hata kidogo.

Nilikamatwa Jumapili, mchana kweupe, tukila. Tulikuwa tumetoka kanisani, wote wanne mezani, mama ametupikia loshoro, ile ya mahindi na maziwa mgando ambayo baba angekula hata akiwa mgonjwa. Mdogo wangu alikuwa na simu yake, anatusomea walichoandika wageni mtandaoni, akimgeuzia mama kwa Kiswahili. Alikuwa na furaha ya kweli, masikini. Alikuwa amekaa kushoto kwa baba.

“Sikieni hii, hii ni noma,” akasema. “‘Mzee mkarimu mwenye tabasamu la kupendeza. Alitueleza jinsi wazazi wake walivyohamia upande huu wa mlima wenye mvua nzuri, wakaanza maisha mapya. Hadithi ya kutia moyo. Nyota tano.’”

Baba akaweka kijiko chini.

“Nani alihamia?”

“Si... wazazi wako, baba. Ndivyo walivyoandika.”

“Nani aliwaambia?”

Mdogo wangu akanitazama, mama akanitazama. Nilikuwa na miaka arobaini na nne na nikatamani iwepo katoni ya sabuni nilazwe juu yake na kuambiwa nifumbe macho.

“Ni mimi, baba.”

Nilingoja anifokee. Ningemshukuru. Akasema tu, “Nyota tano,” kama anasoma alama za mtihani wa mtu asiyemjua, akainuka akaenda kumwangalia ng'ombe.

Aliyefoka ni mama. Alisubiri mlango ufungwe.

“Nilikwambia upunguze siasa.”

“Ndiyo, mama.”

“Hiyo ni siasa?”

Nikaanza kukusanya sahani.

“Nakuuliza. Nyumba ya mama mkwe wangu ni siasa? Yule mama nilimuuguza mimi. Nilimwosha kwa mikono hii. Kovu lake lilianzia hapa mpaka hapa.” Akanionyesha kwenye mkono wake mwenyewe, kutoka kifundo mpaka kwenye kiwiko. “Nabishana na baba yako miaka karibu hamsini. Sukari nabishana, sabuni nabishana, vijiji vyake vya pamoja nabishana mpaka kesho. Siku hata moja sijabishana naye juu ya ile nyumba. Iliungua. Hilo halina upande wako wala wangu.”

Nilijitetea kwamba ni yeye aliyeniambia nisiyafikishe yote. Alisema ndiyo, aliniambia, na hilo atalibeba mwenyewe, lakini alidhani anamtuma mtu mwenye akili.

Baba hakutokea tena mbele ya wageni. Jumamosi tatu mfululizo nilipanda shambani, nikamkuta zizini au kwenye migomba ya bondeni. “Shikamoo, baba.” “Marahaba.” Basi. Marahaba yake haikuwa na ukali wowote, na ndiyo maana ilinikosesha raha. Mdogo wangu aliwatembeza wageni mwenyewe, akawachezea ngoma, akawaambia kahawa ni uhai. Nilisimama karibu na kinu bila kazi. Baadhi ya wageni waliuliza yuko wapi yule mzee wa kwenye picha. Tukasema anapumzika.

Lakini kanisani ndiko nilikoelewa. Jumapili iliyofuata ile ya loshoro, baba aliingia, akapita mahali pao pa miaka yote, akaenda kukaa mwisho wa benchi ukutani. Sikio bovu akaligeuzia ukuta. Mama alibaki amesimama kwenye njia na kitabu chake cha nyimbo, hajui aketi wapi, halafu akakaa kushoto kwa mumewe kama mgeni. Wimbo wa kwanza nilishindwa kuimba. Nilikuwa nimemnyang'anya baba upande mzima, na kumbe mama naye alikuwa amenyang'anywa.

“Ameniadhibu na mimi,” mama aliniambia nje, ameshika mkoba wake kwa mikono miwili. “Na ana haki. Sasa mtafanya nini, ninyi? Mtamwekea nyota?”

Wiki ya tatu akaniambia la kufanya. Kwao Uchagani, ukimkosea mtu, unakwenda kwake na jani la isale, lile jani refu la kijani linalopandwa kwenye mipaka ya vihamba, yale mashamba ya ukoo. Aliyepelekewa isale hana ruhusa ya kukataa. Hata damu imewahi kusamehewa kwa jani hilo. Nilimuuliza kama baba, ambaye ni Mmeru, ataliheshimu. Mama akasema Mmeru, Mchaga au Mmarekani, aliyeoa kwao anajua isale ni nini. Baba alishaletewa mara mbili katika ndoa hiyo, na yeye mwenyewe aliwahi kulileta mara sita.

Nilikwenda mpakani na kisu cha jikoni, nikakata jani zuri kuliko yote. Baba alikuwa zizini, ameinama kwenye shingo ya ng'ombe, anamtoa kupe masikioni mmoja mmoja na kuwatumbukiza kwenye kikopo cha mafuta ya taa.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba.”

Nikamnyooshea jani kwa mikono miwili. Maneno niliyokuwa nimeyapanga njiani yalinipotea yote. Alilitazama bila kulipokea.

“Umelikata wapi?”

“Mpakani, baba. Pale juu.”

“Upande upi wa mtaro?”

Nikafikiri. “Upande wa kule.”

“Kule ni kwa jirani,” baba akasema. “Umekuja kuniomba msamaha kwa mali ya wizi.”

Nilianza kusema narudi kukata jingine, lakini mabega yake yalikuwa yanatikisika. Alikuwa anacheka, na mimi nikaanza kulia, mambo mawili kwa wakati mmoja mpaka ng'ombe akasogea. Alilipokea jani, akalichomeka kwenye fito za paa juu ya kichwa chake.

“Tutamwambia jirani limetaifishwa,” akasema.

Kisha akaniuliza, bila kuniangalia, mkono umerudi kwenye sikio la ng'ombe: “Ulimwonea haya nani?”

Nikamweleza habari za yule mama mwenye fimbo, kikombe chake, pipi zake. Alisikiliza mpaka mwisho.

“Huyo ndiye ningependa aambiwe kuliko wote,” alisema. “Mzee mwenzangu. Ana nyumba yake mahali, anajua nyumba ni nini. Wewe ulidhani unamhurumia. Ulimfanya mtoto.”

“Nisamehe, baba.”

“Nimeshapokea jani. Sikiliza. Mimi nimekosea mengi. Habari za sukari, mama yako ana haki, na ukimwambia nimesema hivyo nitakataa. Hayo ninayoyasema kule mbele sitaki wayameze. Nataka wabishe. Ndiyo raha yake! Lakini mtu atanibishiaje jambo ambalo hajaambiwa? Miezi yote hii nilidhani nimewashinda kwa hoja. Kumbe nilikuwa nacheza bao peke yangu.”

Nilishika kikopo cha mafuta ya taa, tukamaliza sikio la pili.

Jumamosi iliyofuata walikuja wageni wanane, na kwa mkosi wetu mwenye kampuni akaja nao, miwani ya jua kichwani, aone kwa macho yake huduma inavyokwenda. Mdogo wangu alinivuta nyuma ya jiko.

“Dada, leo jamani. Leo tu. Kesho mwambie aseme hata mpaka usiku.”

“Leo natafsiri,” nikamwambia.

Akanitazama, akashusha pumzi, akaenda kupanga vikombe. Ni kijana mwema.

Baba alitoka amevaa koti lake la kanisani. Mimi nilikuwa nimeshaamua nisimame wapi: kushoto kwake, kwenye sikio zima, asikie kila neno litakalotoka kinywani mwangu na anisahihishe mbele ya watu akitaka. Nilidhani ndiyo heshima iliyobaki. Nikasimama hapo, mikono mbele. Baba aligeuka akaniona. Alinishika kiwiko, akanizungusha nyuma ya mgongo wake taratibu, kama mtu anayemvusha mtoto barabara, akaniacha kulia.

“Mahali pako ni hapa,” akasema.

Sijui nilianzaje kutafsiri. Najua kwamba kupe alikuwa kupe siku hiyo, na mirija ilikuwa mirija, na wageni wawili walitazama viatu vyao kama kawaida. Ila mwanamume mmoja, mnene, mwekundu shingoni, aliinua mkono. Alisema baba yake alikuwa mchimba makaa ya mawe na hakuhitaji kufundishwa unyonyaji ni nini, lakini anataka kuuliza: je, kama wanunuzi wa ng'ambo wasingekuwepo, mzee angemuuzia nani hiyo kahawa? Nilipomfikishia baba swali hilo kwenye sikio zima, uso wake ulifunguka. Nimemwona baba akifurahi hivyo mara chache: siku za harusi, siku mjukuu alipofaulu. Wakabishana. Nilikimbia kushoto na kulia na kati yao mpaka kahawa ikaungua kidogo kwenye chungu. Mwenye kampuni alitazama saa.

Katikati ya yote mama akatoka jikoni, mwiko mkononi.

“Mwambie na habari za sabuni!” alinipigia kelele. “Usitafsiri ya huyu peke yake. Waambie wakati wanakata mirija mimi watoto wangu waliogea nini!”

Nikatafsiri na ya mama, mgambo, kanga, katoni na swali la mlangoni. Yule mwanamume mnene alicheka mpaka akakaa chini. Baba akasema, “Sikusema uongo. Niliuliza swali,” na hilo nalo nikalifikisha.

Mwenye kampuni hajatuletea kundi jingine tangu siku ile. Wanakuja wachache, wa kupita, wanaoambiana wenyewe. Mdogo wangu alininunia mwezi mzima kisha akasahau kununa. Mama anasema ndizi bado zinaota, na kanisani amerudi upande wake.

Lakini siku hiyo, kahawa ilipomiminwa, watu wakatulia, na baba akaja kwenye hadithi ya nyumba. Aliisimulia kama siku zote, kwa sauti ya chini, bila kumtazama mtu. Malori. Ng'ombe. Kibuyu cha maziwa. Mama alisimama kwenye mlango wa jiko, kiganja chake juu ya mkono wake mwingine, pale pa kovu. Baba akasema mama yake alimwambia alipiga chafya, na ikawa zamu yangu. Nilijua hasikii. Ningeweza kusema chochote. Nikawaambia kwamba askari walikuja, wakaichoma nyumba ya babu yangu na watu wake wakitazama, na bibi aliungua mkono, na huyu mzee alikuwa mgongoni mwake. Baba alikuwa akitazama kikombe chake. Hakugeuza shingo kunitegea sikio, wala hakumtazama mdogo wangu kuuliza kama nimesema sawa. Alikunywa kahawa yake.